Kirusi Si Mtu

Iliwahi kuwepo, na anayebisha atoe ya kwake, nchi iitwayo Taadhima. Usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na wangali wanasubiri. Ilikuwa nchi tulivu kupita kiasi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza swali. Mtoto wa Taadhima alifundishwa tangu hajaota meno kwamba barua ya mkubwa hupokelewa kwa kusimama, mkono kifuani, na hutiiwa kabla haijaeleweka. Kuelewa kulikuwa hiari, na wengi hawakujisumbua.

Kompyuta zilipoletwa, wazalendo waliingiwa na hofu kwamba mila itakufa. Haikufa. Ulitoka Waraka wa Kusimama, ukaamuru kwamba barua pepe nayo ni barua, hivyo kila ikiingia yenye jina la mkubwa, mtumishi ainuke, aweke mkono wa kushoto kifuani, na kwa mkono wa kulia afungue alichotumiwa. Mpita njia aliyekuwa nje ya ofisi za serikali alijua kwamba barua imeingia kwa kusikia viti vikikwaruza sakafu.

Katika Wizara ya Kumbukumbu, ambako vizazi, vifo, ndoa na viwanja vya taifa zima vilitunzwa ndani ya mashine, alikuwapo afisa wa kompyuta aitwaye Zaituni Lukindo. Alikuwa mchapakazi, mwenye adabu, ila na kasoro moja iliyomtenga na wenzake: alikuwa anasoma barua mpaka mwisho.

Kwa kusoma huko aligundua kwamba barua nyingi za wakubwa hazikuandikwa na wakubwa. Jina lilikuwa la waziri, lakini anwani ilikuwa ya mtu asiyejulikana aliyekaa nchi ya mbali. Basi Zaituni akaandika maelekezo kwa lugha nyepesi, akayabandika ukutani. Tazama anwani kabla ya kutazama jina. Kiambatisho usichokitarajia usikifungue. Nenosiri lako usimpe mtu, hata akijiita nani. Na ukiwa na shaka, inua simu umuulize aliyeandika kama kweli ameandika.

Hilo la mwisho ndilo lililomfikisha kwa Katibu Mkuu.

Katibu Mkuu alikuwa Mheshimiwa Dokta Pazi Mgumba, mtu wa vyeo vingi mno hata mlango wake ulipanuliwa ili kibao cha jina kipate nafasi. Alimpokea Zaituni kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Bibi Zaituni," alisema, "unataka mtu mzima, mwenye mke na watoto, ainue simu amuulize mkubwa kama yeye ndiye yeye?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wezi wanaazima majina."

"Na mkubwa akijibu kwamba ndiye, hasira yake tutaiweka wapi?"

Zaituni akaomba basi walau wizara inunue programu ya kukinga virusi, na itunze nakala za akiba mahali pengine. Dokta Mgumba alisikitika. Alimweleza kwamba nakala ya akiba ni kulitabiria taifa mabaya, sawa na kumchimbia kaburi mtu anayekula. Kuhusu kinga, alisema, kinga ipo tayari. Wiki ile ile kila kompyuta ilibandikwa picha ya Mtukufu Mlezi Mkuu wa Taadhima, akiwa amekunja uso. Hakuna kirusi, walisema, chenye ujasiri wa kupita mbele ya uso ule.

*

Kirusi kilipita Jumatatu, saa nne na robo, wakati wa chai.

Barua ilimjia Dokta Mgumba kwa jina la Mlezi Mkuu mwenyewe. Ilisema kwamba kwa utumishi wake uliotukuka ametunukiwa Nishani ya Simba Aliyeshiba, na kwamba afungue kiambatisho achague rangi ya utepe. Zaituni alikuwa chumbani humo akibadilisha waya wa mashine ya kuchapia. Aliiona anwani. Ilikuwa imeandikwa "mlezi.halisi.kabisa" na kufuatiwa na jina la duka la viatu la ng'ambo.

Alisahau adabu. Alisimama mbele ya skrini, akanyoosha mikono, akasema, "Mheshimiwa, usifungue. Nakuomba kwa jina la mama yako, usifungue."

Dokta Mgumba alikuwa ameshasimama, mkono kifuani, machozi yakimlengalenga. Alimsukuma kando kwa kiwiko na kufungua.

Mashine ikapepesa. Kisha, bila kumuuliza mtu, ikawatumia watumishi wote wa wizara barua ile ile kwa jina la Katibu Mkuu. Jengo zima likakwaruza. Viti mia nne na kumi na viwili vilirudi nyuma kwa mpigo mmoja, mikono mia nne na kumi na miwili ikapanda vifuani, na kila mmoja akachagua rangi ya utepe wa nishani yake. Kufikia saa tano kasorobo, kumbukumbu zote zilikuwa zimefungwa kwa kufuli asilojua mtu ufunguo wake.

Mwezi ule hakuna aliyezaliwa Taadhima. Mabwana harusi walirudishwa makwao kwa sababu hawakuwepo. Mtu mmoja aliyekwenda kuandikisha kifo cha baba yake aliambiwa, kwa heshima zote, kwamba marehemu hana budi kwanza azaliwe, na kwa hilo aje mwenyewe. Makarani walirudi kwenye madaftari ya wino, yale ambayo panya walikuwa hawajayamaliza.

*

Iliundwa Tume ya Kumsaka Kirusi. Mwenyekiti wake alikuwa Brigedia Chitemo, mkuu wa usalama, ambaye kompyuta yake ilikuwa bado ndani ya boksi ili isichakae. Barua zake zilichapishwa na karani wake kwenye karatasi, naye akasimama mbele ya karatasi.

Tume ilikaa siku kumi na moja. Ilipulizia kompyuta dawa ya mbu. Ilimhoji mlinzi wa geti kama alikiona kirusi kikiingia, kimevaa nini, na kama kilisaini kitabu cha wageni. Siku ya kumi na moja ilisoma ripoti yake mbele ya watumishi wote. Brigedia Chitemo alisoma kwa sauti ya kufungulia gwaride, akieleza kwamba uchunguzi ulikuwa wa kisayansi. Kabla ya Bibi Zaituni Lukindo kuandika habari za virusi ukutani, hakukuwa na kirusi. Baada ya kuandika, kirusi kikaja. Alijua kitakavyokuja, alijua kitakachofanya, na kilipofika alikuwa chumba kimoja nacho.

"Kwa hiyo Tume imejiridhisha," alihitimisha, "kwamba kirusi kimekamatwa. Kirusi ni huyu."

Watu wakapiga makofi. Dokta Mgumba alipiga zaidi ya wote, akainuka, akasema kwamba yeye binafsi alishangaa siku ile kumwona mwanamke huyu akijitupa mbele ya skrini kama mtu anayemlaki ndugu yake.

Zaituni alishushwa cheo akapelekwa stoo ya chini, kwenye kompyuta zilizokufa, akaamriwa akae hatua nane mbali na kompyuta yoyote iliyo hai. Picha yake ilibandikwa kwenye kila ukuta na ubao wa matangazo nchini, na chini ya picha neno moja, kwa herufi nyekundu: KIRUSI. Alikata rufaa. Rufaa ilichukuliwa kwa koleo na kuchomwa uani, maana karatasi ya kirusi inaweza kuambukiza.

Hayo yote Zaituni aliyameza. Hakuyameza ya nyumbani. Mama yake, Bi. Mwanaheri, alikuwa mpika maandazi, na mtaa mzima ulikuwa umekula maandazi yake kwa miaka ishirini. Sasa watu walikuwa wanavuka barabara. Asubuhi moja mama alirudi na beseni limejaa vilevile lilivyotoka, akaliweka chini, akakaa karibu nalo. Hakulia. Alisema kwamba kuna mama mmoja, ambaye yeye Mwanaheri alimzalisha kwa mikono yake mwenyewe, amemwambia mwanawe aende akanawe kwa kuwa amemgusa mama wa Kirusi.

Zaituni akaanza kumtuliza, akamwambia labda siku moja watamsamehe.

"Nani amsamehe nani?" Bi. Mwanaheri alimkata kauli. "Jina lako nilikupa mimi, tena nililichagua kwa siku saba. Sitaki msamaha wao. Nataka walirudishe kwa midomo ileile iliyolichafua, na mimi niwepo, nisikie."

Zaituni alilitazama lile beseni. Kitu kikajifunga kifuani mwake kama fundo, na tangu saa ile hakutaka kifunguliwe kabla ya wakati wake.

*

Stoo ya chini ilikuwa na mashine tisini zilizokufa na sekretari mmoja aliyekuwa anateremka kwa siri. Huyo aliitwa Havijawa, sekretari wa Katibu Mkuu, mwanamke wa kicheko kikubwa, ndiye pekee aliyemletea Zaituni chai bila kuvaa glavu. Aliteremka na habari za ghorofani, na Zaituni alisikiliza huku mikono yake ikichukua kiungo cha mashine hii na kukitia katika ile. Baada ya wiki mbili mfu mmoja alifufuka. Na waya wa mtandao uliopita ukutani ulikuwa hai, kwa kuwa fundi aliyetumwa kuukata alikuwa anangoja barua ya kumruhusu kuinama.

Kwa siku nyingi Zaituni alifikiri kuhusu wale wezi wa ng'ambo. Hawakuvunja mlango wowote. Walibisha tu, kwa cheo cha mtu, na wenye nyumba wakafungua kwa mikono yao, wima, wakitokwa na machozi ya shukrani. Mawazo hayo yalimjia kwa mizani, akayaandika ubavuni mwa boksi:

*Mlango hawakuvunja, waligonga kwa hodi tu,*
*Wala hawana ujanja, wavaa vyeo vya watu,*
*Bwana kanyosha kiganja, kawapa funguo zetu,*
*Na aseme mbele yetu, kwamba kirusi si mtu.*

Havijawa alilisoma shairi hilo mara moja, akapanda nalo kichwani. Kufikia adhuhuri wahudumu wa chai walikuwa wanalighani kwenye ngazi, na hakuna aliyejua lilikotoka.

Siku iliyofuata Zaituni aliketi mbele ya mfu wake na kuandika barua kwa wakubwa wote, akitumia orodha ya anwani ya serikali kama ilivyo, bila kumpunguza mtu. Hakutaka kuwadanganya kama wezi walivyowadanganya. Alitaka wajidanganye wenyewe. Kwenye jina aliandika Mtukufu Mlezi Mkuu, lakini anwani aliyoitengeneza ilisema wazi: "huyu.si.mlezi". Na mwishoni mwa barua aliongeza sentensi moja: Mwenye shaka apige simu Ikulu aulize.

Barua ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Iliamuru kwamba Jumanne wakubwa wote wavae makoti yao ndani-nje.

Jumanne Taadhima iliongozwa na bitana. Dokta Mgumba alipita kwenye korido akionyesha mfuko wa ndani uliotoboka na lebo ya fundi ikipepea shingoni. Brigedia Chitemo alikagua gwaride akiwa na nishani zake zote upande wa mbavu, zikimchoma kila akivuta pumzi. Naibu mmoja ambaye hakuwa ameiona barua aliingiwa na hofu kubwa kuliko wote, akageuza na suruali.

Havijawa aliteremka ngazi akiwa ameshika tumbo.

"Zaituni," alisema alipoweza kusema, "ile anwani imeandikwa huyu si Mlezi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Basi katika nchi hii tuko wawili."

Barua ya pili iliamuru kwamba matangazo yote yenye picha ya Zaituni Lukindo yabanduliwe na wakubwa wenyewe, kwa kucha, si kwa kisu wala maji. Wajumbe wa Tume walionekana mitaani wamepiga magoti mbele ya kuta, wakikwangua, vidole vikivuja damu. Mama mmoja alimuuliza Dokta Mgumba kama amedondosha kitu. Zaituni aliyasikia hayo na hakucheka. Fundo lilikuwa palepale. Kucha zilikuwa zimebandua karatasi. Neno lilikuwa bado vinywani mwao.

Ndipo akaandika barua ya tatu.

*

Barua ya tatu iliamuru kwamba Ijumaa, saa tatu asubuhi, kila mkubwa aliyewahi kufungua asichotakiwa kufungua afike Uwanja wa Utii akiwa amebeba kichwani kiti cha ofisi yake. Huko, mbele ya wananchi na redio ya taifa, aseme kwa sauti alichofungua na kwa nini, kisha amtaje Zaituni Lukindo kwa jina lake kamili na kusema kwamba huyo si kirusi.

Usiku wa Alhamisi ulipita na hakuna simu hata moja iliyolia Ikulu.

Ijumaa uwanja ulijaa. Zaituni alikuja na mama yake, wakakaa safu ya mbele. Wakubwa waliingia kwa kufuata vyeo, viti vichwani, vile vya magurudumu vikizunguka polepole kila upepo ulipovuma. Wa kwanza kusimama kwenye kipaza sauti alikuwa Dokta Mgumba. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, chenye sehemu ya kuegemeza miguu, na shingo yake ilikuwa imezama mabegani.

"Mimi, Pazi Mgumba," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka mipakani, "nilifungua barua ya nishani. Niliambiwa nisifungue. Nilimsukuma aliyeniambia. Nilifungua kwa sababu niliitaka ile nishani. Zaituni binti Lukindo si kirusi."

Bi. Mwanaheri akauliza kwa sauti ya kawaida, iliyobebwa na ukimya wa uwanja, kama anaweza kurudia hilo la mwisho. Dokta Mgumba akalirudia.

Baada yake walipanda wengine. Yupo aliyetoa nenosiri lake kwa mtu aliyejiita malaika wa benki. Yupo aliyefungua picha za binti mfalme mpweke, na mkewe alikuwa safu ya tatu. Wachache ambao hawakuwahi kufungua chochote waliona aibu ya kubaki nyuma, wakatunga. Na kila mmoja alimaliza kwa jina lile, na kila lilipotajwa Zaituni alisikia uzi mmoja wa lile fundo ukikatika.

Brigedia Chitemo peke yake hakupanda. Alikuwa amepiga mahesabu ya kijeshi. Kompyuta yake ilikuwa kwenye boksi, hivyo hakufungua kitu. Na katika kutafuta uthibitisho wa usafi wake alikuwa amefanya jambo la hatari sana: aliisoma barua mpaka mwisho. Akaja safu ya mbele na askari wawili, jasho likimtiririka chini ya kiti alichokibeba hata hivyo.

"Ni wewe," alimnong'oneza Zaituni. "Nimeiona anwani. Simama, uko chini ya ulinzi."

Zaituni hakusimama.

"Nikamate, Afande," alisema. "Utaandika shitaka gani? Andika kwamba wakubwa thelathini walitii barua iliyosema yenyewe kwamba ni ya uongo. Halafu andika jina la aliyekagua gwaride Jumanne na koti lake lilivyokuwa. Nitakusubiri. Uandike vizuri, usikosee tarehe."

Brigedia aligeuka nyuma. Askari wake wawili walikuwa wanatazama mawingu. Na kabla hajawaita, uwanja mzima ulisimama ghafla, kwa kuwa kupitia lango kuu, kwa miguu, bila msafara, alikuwa anaingia Mtukufu Mlezi Mkuu wa Taadhima, na kichwani mwake kilikuwa kiti cha enzi.

Zaituni mwenyewe hakuwa amelitarajia hilo. Jina la Mlezi Mkuu lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha ya serikali, na barua zote tatu zilikuwa zimemfikia.

Mlezi Mkuu alitembea kwa shida. Alifika kwenye kipaza sauti, akakishika kiti kwa mikono miwili. Kisha alieleza, kwa unyonge ambao nchi haijawahi kuusikia, kwamba barua aliipata Jumatano, ikiwa na jina lake chini. Hakukumbuka kuiandika. Lakini jina lilikuwa lake, na yeye katika maisha yake yote hajawahi kumwasi Mlezi Mkuu, hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Alifikiria kupiga simu Ikulu. Aliogopa kwamba atapokea mwenyewe, akasirike.

"Mwaka jana," alisema, "niliandikiwa kwamba nimechaguliwa kuwa Mlezi wa Dunia nzima. Waliomba majina ya watu wangu wote na anwani zao. Niliwapa. Waliomba na nenosiri langu. Niliwapa. Bado nasubiri kuapishwa. Zaituni binti Lukindo si kirusi. Mlango niliufungua mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandikiwa kupiga. Brigedia Chitemo, akiona hali ilivyo, alikimbia kwenye kipaza sauti akakiri kwamba yeye ndiye aliyemwita kirusi, akalitaja jina mara nne bila kuombwa, akajipanga kwenye mstari pamoja na wenzake.

Bi. Mwanaheri aliinuka. Alizungusha macho katika midomo ile yote, mmoja mmoja, kama mtu anayehakiki dengu kwenye ungo. Kisha akajifunga khanga yake vizuri.

"Zaituni," alisema, "twende nyumbani."

Walipokuwa wanatoka, Havijawa aliwafuata mbio, akiwa ameshika viatu mkononi. Nyuma yake wakubwa wa Taadhima walikuwa wamesimama safu tatu katikati ya uwanja, wima, mkono mmoja kifuani na mwingine ukishikilia kiti, Mlezi Mkuu akiwa mbele yao. Jua lilikuwa linapanda. Magoti ya Dokta Mgumba yalikuwa yameanza kutetemeka, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumuuliza jirani yake chochote.

"Dada," Havijawa aliuliza, "hivi kwenye barua uliandika waviteremshe viti saa ngapi?"

"Sikuandika."

"Ulisahau?"

Zaituni alimshika mama yake mkono wavuke barabara.

"Sikusahau," alisema.